Mbunge wetu anaweza kupeleka muswada wake Bungeni? Mambo yote ya miswada, hoja na majedwali, kwa mifano ya Bariadi na Simiyu



Kuna ubishi mmoja ambao ukikaa kijiweni Bariadi, Lamadi ama Maswa huwezi kuukwepa. Mmoja anasema, "Huyu mbunge miaka mitano hajapeleka hata muswada mmoja, yuko mjengoni anasinzia tu." Mwenzake anajibu, "Acha hizo bwana, mkoa huu si wabunge ndio walituletea kwa sheria?" Basi kahawa inapoa, sauti zinapanda, na ukweli ni kwamba wote wawili wamekosea.

Leo tuweke mambo sawa. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, isevu kwenye flashi ukaisome taratibu nyumbani. Inagusa kura yako.

KWANZA MANENO YENYEWE

Watu wengi wanachanganya vitu vinne.

Muswada ni rasimu ya sheria. Ukipita Bungeni na Rais akauwekea saini, unakuwa sheria ya nchi.

Hoja ni pendekezo la kulitaka Bunge liamue jambo fulani, kwa mfano kuunda kamati teule ya kuchunguza mkataba. Ikipita inazaa azimio. Azimio lina uzito wa kisiasa, lakini sio sheria.

Jedwali la marekebisho ni karatasi anayoipeleka mbunge akitaka kifungu fulani cha muswada wa mtu mwingine kibadilishwe, kiongezwe au kifutwe.

Sheria ndogo, ambazo watu huziita kanuni, hazitungwi na Bunge moja kwa moja. Zinatungwa na waziri, halmashauri au chombo kingine kilichopewa madaraka hayo na sheria kubwa.

Shika hayo manne, huko mbele yatatusaidia.

NANI ANARUHUSIWA KUPELEKA MUSWADA?

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni Serikali, kupitia waziri au Mwanasheria Mkuu. Wa pili ni kamati ya Bunge. Wa tatu ni mbunge mmoja mmoja, na huo ndio unaitwa muswada binafsi. Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo, mbunge wa Bariadi, wa Itilima, wa Busega au wa viti maalumu anaweza. Kanuni za Bunge zinamruhusu kutoa taarifa kwa Katibu wa Bunge akieleza madhumuni na sababu za sheria anayoitaka.

Ila mbunge akiteuliwa kuwa waziri au naibu waziri, hesabu inabadilika. Akisimama kwenye muswada anasimama kwa niaba ya Serikali, sio kwa niaba ya jimbo lake. Hili Bariadi wanalifahamu, maana Kundo Mathew, aliyechaguliwa mwaka 2020, aliingia ubunge na mwaka huohuo akateuliwa naibu waziri.

Mlango wa tatu upo wazi, lakini ni mwembamba. Kwa desturi, miswada karibu yote inayopita Dodoma ni ya Serikali. Kwa nini? Tuone safari yenyewe.

SAFARI YA MUSWADA KUTOKA KARATASI HADI SHERIA

1. Unaandikwa kisheria na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali pamoja na madhumuni na sababu zake, ili wananchi wauone mapema.

2. Unasomwa mara ya kwanza. Hapa hamna mjadala, kinasomwa kichwa chake tu.

3. Unakwenda kwenye kamati inayohusika. Hapa ndipo wadau wanaitwa kutoa maoni. Wewe kijana, chama cha ushirika, chama cha wanasheria, yeyote anaweza kupeleka maoni kwa maandishi. Wengi hawajui, ndiyo maana viti vya wadau vinakaliwa na watu walewale.

4. Unasomwa mara ya pili. Mtoa hoja anaueleza, kamati inatoa taarifa yake, kisha wabunge wanachangia. Haya ndiyo mnayoyaona kwenye luninga.

5. Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. Majedwali ya marekebisho yanatumika hapa.

6. Unasomwa mara ya tatu na kupitishwa.

7. Unakwenda kwa Rais. Kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Katiba, Rais anaweza kukubali au kukataa na kuurudisha akiwa na sababu. Akiukataa, hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwa nguvu hiyo, Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge.

Sasa Serikali ina waandishi wa sheria, ina wizara nzima ya kufanya utafiti, na ina wabunge wengi wa chama chake. Mbunge mmoja ana laptop yake na msaada atakaopewa na ofisi ya Bunge. Juu ya hapo, Katiba yetu inasema mbunge akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza na ubunge. Kwa hiyo kubishana na chama sio jambo la mchezo.

UKUTA WENYEWE: IBARA YA 99

Hiki ndicho kifungu ambacho kila mpiga kura angetakiwa kukijua. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi (isipokuwa kuipunguza), wala wa kuagiza matumizi ya fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, wala wa kufuta au kusamehe deni la Serikali, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo na pendekezo limewasilishwa na waziri. Hoja zenye lengo hilohilo nazo zimezuiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa zao letu la pamba. Tuseme mbunge kijana wa Simiyu ana miswada miwili mfukoni.

Muswada A unasema: mnunuzi wa pamba amlipe mkulima ndani ya siku saba tangu pamba ipimwe, akichelewa apigwe faini. Huo hauichukulii Hazina hela ya matumizi. Unaweza kuingia mlangoni.

Muswada B unasema: bei ya pamba ikishuka, Serikali ijazie mkulima tofauti kutoka Hazina. Hapo umegonga ukuta. Bila pendekezo la Rais lililoletwa na waziri, haujadiliwi hata kama wabunge wote wa Kanda ya Ziwa wanautaka.

Kwa hiyo mgombea akisimama kwenye kampeni pale Somanda akasema "nikifika Bungeni nitapeleka muswada wa kuwapa ruzuku", mwulize kwa upole: mheshimiwa, Ibara ya 99 utaivuka vipi? Akijibu kwamba atambana waziri mpaka waziri aulete, huyo anajua kazi. Akikodoa macho, basi.

MAJIRANI WANAFANYAJE?

Ukuta wa pesa haupo kwetu tu, lakini majirani wamepata pa kupenyea. Kenya, Muriuki Karue, wakati huo mbunge wa Ol Kalou, alipeleka muswada uliozaa Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo mwaka 2003. Sheria hiyo ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwenda majimboni. Kabla yake Joe Donde wa Gem alipeleka muswada wa kubana riba za mabenki, ukapita mwaka 2000, halafu ukapigwa mahakamani. Hadi leo Wakenya wazee wanasema "Donde Bill".

Kwetu mfuko kama huo upo pia, ule wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Sheria yake ni ya mwaka 2009. Tofauti ni kwamba Kenya aliuleta mbunge wa kawaida, kwetu uliletwa na Serikali.

Uganda nako, muswada wa mwaka 2017 uliofuta ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais ulipelekwa na mbunge, Raphael Magyezi, sio na waziri. Kwa hiyo muswada binafsi sio lazima uwe wa kumpinga mkubwa. Unaweza kuwa njia ya mkubwa kupitisha jambo lake bila kushika kalamu mwenyewe.

Na huko Marekani kwenye mabunge ya majimbo, kupeleka miswada ndiyo kazi ya kila siku. Bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida cha siku 140 kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2023 liliwekewa miswada zaidi ya 8,000. Mingi ilifia njiani. Idadi kubwa sio lazima iwe kazi kubwa.

Hapa nyumbani mfano wa karibu na vijana ni Baraza la Vijana. John Mnyika, alipokuwa mbunge wa Ubungo, aliandaa muswada binafsi wa kuanzisha baraza hilo. Sheria iliyokuja kupitishwa mwaka 2015 ilikuwa ya Serikali. Unaweza kusema Mnyika alishindwa. Unaweza pia kusema asingeanza kusukuma, wazo lingekaa kabatini. Mdau amua mwenyewe.

WABUNGE WA KWETU WALITUMIA NJIA GANI?

Hapa ndipo patamu. Ukiangalia wanasiasa wakubwa waliotoka Bariadi na Simiyu, alama walizoacha kwenye sheria za nchi hii hazikupitia muswada binafsi.

Andrew Chenge. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005. Maana yake kwa miaka 12, kabla ya kuwa mbunge wa kuchaguliwa, yeye ndiye alikuwa mshauri mkuu wa Serikali kwa kila muswada. Mwaka 2005 akachaguliwa Bariadi Magharibi. Alipata uwaziri, akajiuzulu Aprili 2008 wakati wa sakata la ununuzi wa rada, na kile kitendo cha kuziita hela "vijisenti" kikamganda mpaka leo. Lakini kwenye kazi ya sheria hakukauka: aliongoza Kamati ya Bajeti, na mwaka 2014 akawa mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalumu la Katiba, ndiye aliyewasilisha Katiba Inayopendekezwa iliyopigiwa kura Oktoba 2014. Kwenye Bunge la 2015 hadi 2020 aliongoza Kamati ya Sheria Ndogo.

Usiidharau hiyo kamati ya mwisho. Kumbuka mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: blogu zikatakiwa kuwa na leseni yenye ada za zaidi ya shilingi milioni mbili, na kafe za intaneti zikatakiwa kuweka kamera. Kamera hiyo juu ya kichwa chako haikujadiliwa kifungu kwa kifungu na Bunge zima. Ilikuja kwa kanuni ya waziri, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Chombo cha Bunge cha kuzikagua kanuni za namna hiyo ni Kamati ya Sheria Ndogo. (Kanuni zile zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020.)

John Cheyo, mzee wa Mapesa. Mwenyekiti wa UDP, mbunge wa Bariadi Mashariki kuanzia 2005 hadi 2015. Chama chake kilikuwa na mbunge mmoja tu wa jimbo, yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akipeleka muswada binafsi nani atampa kura? Mzee akatumia mlango mwingine. Kanuni mpya za Bunge zilipoanza kutumika mwaka 2008, kamati za hesabu zilikabidhiwa kwa wapinzani, naye akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Akawa anakaa na makatibu wakuu na ripoti ya Mkaguzi Mkuu mezani, anauliza hela ilikwenda wapi.

Kuna lingine ambalo wengi wamelisahau. Agosti 2007 Zitto Kabwe alipeleka hoja Bungeni akitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, mkoa uleule wa Shinyanga ambao Bariadi ilikuwa ndani yake. Hoja ikakataliwa na Zitto akasimamishwa. Watu wakachacha. Mwishoni mwa mwaka Rais Kikwete akaunda kamati ya kuangalia upya sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani. Zitto akawemo, na Cheyo akawemo. Ripoti ikatoka 2008, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria mpya ya Madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Hoja iliyoanguka Dodoma ilisaidia kufungua njia ya sheria miaka mitatu baadaye.

Luhaga Mpina. Mbunge wa Kisesa, wilaya ya Meatu, kuanzia 2005 hadi 2025, na kati ya 2017 na 2020 alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Mwaka 2024 alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuwa ametoa maelezo yasiyo ya kweli Bungeni kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Spika akamtaka alete ushahidi. Akaupeleka, halafu akauzungumza mbele ya waandishi wa habari. Tarehe 24 Juni 2024 Bunge likamsimamisha vikao 15 kwa kudharau mamlaka ya Spika na Bunge. Nani alikuwa mkweli kwenye sukari sio kazi ya makala hii. Ila jifunze mambo mawili. La kwanza, uhuru wa kusema Bungeni upo kwenye Ibara ya 100, lakini una taratibu zake na ukizivuka unatoka nje. La pili, mwezi huohuo Muswada wa Fedha wa 2024 ulibadilisha na Sheria ya Sukari, ukaipa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nafasi ya kuagiza sukari. Muswada wa Fedha unaonekana ni wa kodi tu, kumbe unabeba sheria kibao mgongoni. Ukitaka kujua nini kimebadilika, usome huo kila Juni.

NA MKOA JE?

Yule wa pili kijiweni alisema mkoa uliletwa na wabunge kwa sheria. Hapana. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuchukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na eneo la Busega kutoka Magu, Mwanza. Kwa Katiba yetu, mwenye madaraka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya ni Rais. Wabunge na madiwani walipiga debe, vikao vilikaa, lakini hakuna muswada wa Simiyu uliosomwa mara tatu Dodoma.

Kadhalika majimbo. Mwaka 2025 Bariadi ilipogawanywa, aliyegawa ni Tume ya Uchaguzi, sio Bunge. Na hata ule utaratibu wa pamba kununuliwa kupitia AMCOS kuanzia msimu wa 2018 ulikuwa uamuzi wa Serikali, watu wakausikia kwenye mizani.

SASA MBUNGE APIMWE KWA NINI?

Ukimpima kwa idadi ya miswada peke yake utamwonea. Ukimsamehe kila kitu kwa sababu "miswada ni ya Serikali" utakuwa umejionea mwenyewe. Mwulize haya:

Moja. Ni jedwali gani la marekebisho ulilopeleka, kwenye muswada gani, na lilikubaliwa? Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya mbunge mmoja kuacha maneno yake ndani ya sheria. Neno moja tu, "lazima" badala ya "anaweza", linaweza kumwokoa mkulima.

Mbili. Uko kamati gani, na wadau wa Simiyu mliwaita lini?

Tatu. Umeuliza maswali gani ya msingi, na umefuatilia majibu? Waziri akisema "Serikali iko mbioni", mbio hizo zilifika wapi?

Nne. Umewahi kupeleka hoja binafsi? Ilihusu nini, na nani alikuunga mkono?

Tano. Muswada wenye utata ulipofika, ulipiga kura gani? Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa tarehe 1 Aprili 2015, na inamgusa kila anayebonyeza kibodi hapo kafe. Wangapi tuliwahi kumwuliza mbunge wetu alisimama wapi siku ile?

Majibu yanapatikana. Kumbukumbu rasmi za mijadala, zile wanazoziita Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge neno kwa neno, bure. Chagua mkutano, tafuta jina la mbunge wako, soma. Dakika 20 zinatosha kumaliza ubishi ambao kijiweni umekula miaka mitano.

Simiyu ina watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022. Hao wote hawawezi kukaa Dodoma, wametuma wachache. Aliyetuma mtu sokoni ana haki ya kuuliza chenji, ila lazima ajue alimtuma kununua nini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama wewe ungekuwa mbunge wa Simiyu, na Ibara ya 99 ikiwa palepale, muswada wako wa kwanza ungehusu nini? Tiririka hapo chini, matusi hatupitishi. Tupo pamoja.